Maktaba iliyokataa kunyamaza

Simu ililia saa nane na robo usiku. Aliyekuwa zamu ni dada mmoja wa kitengo cha seva, mtu asiye na maneno mengi.

"Kaka, samahani kwa kukuamsha. Diski imejaa. Faili moja peke yake lina gigabaiti 9, na ni la kwako."

Nikamwambia haiwezekani. Logi zetu, yaani kumbukumbu ambazo programu hujiandikia ikiwa kazini, zinaandikwa na mfumo uitwao Logback, na Logback nimeiagiza kwa mkono wangu ianze faili jipya kila siku na ifute yaliyopita siku 7. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Haya, basi fungua kompyuta ulione hilo lisilowezekana."

Nikalifungua. Mistari miwili ilikuwa inajirudia kutoka juu mpaka chini, kama mtoto aliyejifunza neno moja tu:

```
Mar 12, 2024 2:11:07 AM org.mfano.pdf.fonti.Tafuta mbadala
WARNING: fonti haipo, natumia mbadala
```

Jina la maktaba, yaani msimbo wa watu wengine tunaoutumia ndani ya programu yetu, nimelibadilisha, na ujumbe nimeufupisha na kuutia Kiswahili. Walioiandika wametufaa kwa mengi, sina haja ya kuwaanika. Kazi yake ni kusoma hati za PDF. Kila usiku tunaipa hati kama 4,000, na kila hati ina herufi karibu 9,000. Maktaba ile ilikuwa ikilalamika kwa kila herufi. Piga hesabu: malalamiko milioni 36, kila moja baiti kama 250. Gigabaiti 9 hizo hapo.

Nikafuta faili, nikawasha programu upya, nikajiambia asubuhi nitaongeza mstari mmoja wa usanidi na mambo yatakwisha. Yalichukua wiki nzima, na baadaye yakarudi kwa njia nyingine.

Mstari wenyewe ulikuwa huu, ndani ya logback.xml:

```
<logger name="org.mfano.pdf" level="ERROR"/>
```

Kwa asiyezoea: katika Java kila anayeandika logi hutumia kitu kinachoitwa loga, chenye jina. (Ndiyo, loga. Anayejua kuloga ni kufanya nini anaruhusiwa kucheka. Wiki ile mimi niliamini kabisa kwamba nimerogwa.) Jina la loga kwa kawaida ni jina la klasi, yaani kipande cha msimbo kinachoitumia, na nukta zilizo ndani yake ni ukoo: `org.mfano.pdf` ni mzazi wa `org.mfano.pdf.fonti`, na huyo ni mzazi wa `org.mfano.pdf.fonti.Tafuta`. Mtoto asiyepewa amri yake hufuata ya mzazi. Na kila ujumbe una kiwango cha uzito: ERROR ni kosa, WARN ni onyo, INFO ni taarifa tu. Kwa hiyo ukimwambia mzazi "chini ya ERROR usiseme," ukoo mzima unafunga mdomo, isipokuwa yule aliyepewa amri yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nikaweka mstari, nikajaribu, na kelele ikaendelea vilevile bila hata kupungua.

Nilibadilisha ERROR kuwa OFF, yaani zima kabisa. Nikahakikisha jina la loga halina kosa. Nikaharibu faili la usanidi kwa makusudi nione kama Logback italalamika, na ikalalamika. Kumbe faili linasomwa vizuri tu. Baada ya saa mbili hivi ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: nikaitazama sura ya ule ujumbe badala ya maneno yake.

Kila mfumo wa logi una mwendo wake, na ukishauzoea unautambua kwa mbali. Logback isiyosanidiwa huandika mstari mmoja: saa, jina la uzi (thread) ndani ya mabano ya mraba, kiwango, jina la loga, kistari, kisha ujumbe. SLF4J, mpatanishi wa mifumo ya logi nitakayemsimulia mbele, ikiwa na neno lake yenyewe huanza na jina lake, `SLF4J:`, kama mtu anayejitambulisha mlangoni. JVM, mashine inayoendesha programu za Java, ikionya huandika `WARNING:` bila tarehe wala jina la loga. Lakini mistari miwili, wa juu una tarehe, klasi na jina la mbinu, wa chini una kiwango na ujumbe, na kwenye kihariri chako yote inatoka nyekundu kwa sababu imepita System.err, mkondo wa makosa wa Java? Huyo ni java.util.logging, iliyomo ndani ya Java yenyewe tangu toleo la 1.4 mwaka 2002. Hata majina ya viwango vyake ni ya peke yake: SEVERE, WARNING, INFO, CONFIG, kisha FINE, FINER na FINEST.

Maana yake, ule ujumbe haukuwahi kupita kwa Logback hata mara moja. Nilikuwa nikimkemea mtu ambaye hakuwa amesema kitu. Ndiyo maana pia faili halikukatwa: programu yetu ilipowashwa, System.err ilielekezwa kwenye faili la pembeni ambalo hakuna aliyelikumbuka, kwa kuwa kwa miaka halikuwa na kitu ndani.

Swali likawa, kwa nini maktaba ile inatumia java.util.logging? Nikatazama msimbo wake. Haitumii. Inatumia commons-logging.

Hapa lazima nisimulie historia kidogo, maana bila hiyo mambo haya yanaonekana ya kichaa. Mwanzo kulikuwa na Log4j, ambayo Ceki Gülcü ni mmoja wa waanzilishi wake. Ilipendwa sana. Kisha Java ikaleta ya kwake, ile java.util.logging, na waandishi wa maktaba wakabaki njia panda: nikichagua moja, nawalazimisha watumiaji wangu wote kuichukua. Commons-logging ikaja kuwa mpatanishi: maktaba inazungumza nayo, nayo inapeleka ujumbe kwa mfumo wowote inaoukuta. Namna yake ya kutafuta ilileta matatizo mengine, hasa kwenye seva zenye vipakiaji klasi vingi. Gülcü yuleyule akaandika SLF4J, mpatanishi wa pili, pamoja na Logback ya kufanya kazi nyuma yake. Baadaye Log4j ikazaliwa upya kama Log4j 2, toleo lake kamili likatoka mwaka 2014, nayo ikiwa na mpatanishi wake. Na Java 9 ya mwaka 2017 ikaongeza System.Logger juu ya yote hayo. Kila aliyekuja kusuluhisha ugomvi alivuta kiti akaketi kati ya wagomvi.

Turudi kwangu. Tulikuwa na commons-logging 1.2. Hiyo, kama hujaipa maelekezo yoyote, huangalia kwanza kama Log4j ya zamani ipo. Kwetu haikuwepo. Inayofuata kwenye orodha yake ni java.util.logging, na hiyo huwa ipo, kwa kuwa imo ndani ya Java. Ikaichukua. SLF4J na Logback zilikuwa palepale, ila toleo lile halizijui kabisa. Toleo la 1.3 ndilo lililofundishwa kuitambua SLF4J. Mchezo wote ulikuwa huo, wala mstari wa msimbo wetu haukuhusika.

Nilipojua anayesema ni nani, nikaandika kile ambacho kila mtu hukiandika, mstari wa kwanza kabisa wa main, mbinu inayoanzisha programu:

```
Logger.getLogger("org.mfano.pdf").setLevel(Level.OFF);
```

Nikaijaribu kwenye kompyuta yangu kwa hati moja. Kimya. Hati kumi, kimya. Nikapeleka kwenye seva nikaenda kulala na moyo mweupe. Asubuhi faili lilikuwa na gigabaiti 8.

Hiki ndicho kipande cha kisa kizima ninachokipenda, kwa hiyo nitakaa nacho. Java haikuahidi kukutunzia loga uliyoiomba. Meneja wa logi huishika kwa rejeleo dhaifu tu, yaani haimzuii mzoa taka wa JVM (garbage collector, anayesafisha kumbukumbu) kuibeba kama hakuna mwingine anayeihitaji. Maelezo rasmi ya `getLogger` yanasema wazi kwamba loga uliyopewa inaweza kuzolewa wakati wowote usipoishikilia. Na mimi sikuishikilia. Niliiita, nikaiamuru inyamaze, nikaiacha. Mzoa taka alipopita aliiona imekaa bila mwenyewe, akaibeba pamoja na amri yangu.

Kwa nini basi ilifanya kazi kwangu? Kwa sababu loga mtoto humshika mzazi wake kwa nguvu. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimeshaandaa hati ya kujaribia, klasi za maktaba zikapakiwa mara moja, zikaunda loga zao ndani ya vigezo vya `static`, na loga hizo zikamng'ang'ania mzazi niliyemnyamazisha. Mzoa taka alipofika alikuta mtu na wanawe. Kwenye seva, programu iliwashwa saa mbili usiku na hati za kwanza zikaingia karibu saa sita. Kwa saa zote hizo nne mzazi alikuwa peke yake. Watoto walipozaliwa hawakumkuta. Wakapanda ukoo mpaka kwenye mzizi, na mzizi una INFO.

Tiba yake ni neno moja au mawili:

```
private static final Logger KELELE =
        Logger.getLogger("org.mfano.pdf");
```

Ukiishika hivyo, halafu ukaiwekea kiwango, haiendi popote. Afadhali zaidi ni kuliandika jambo hilo kwenye faili la usanidi la java.util.logging, `org.mfano.pdf.level = SEVERE`, na kuielekeza Java huko kwa `-Djava.util.logging.config.file`. Usanidi wa faili husomwa kila loga inapoundwa, kwa hiyo mzoa taka hata akipita mara mia haidhuru.

Nikiwa bado hapo kwa java.util.logging, nitaje kero moja inayowapata wanaotaka kinyume, yaani kusikia zaidi. Unaiwekea loga FINE na huoni kitu, unadhani amri haijafika. Imefika. Ila handla ya konsoli, ile inayoutoa ujumbe nje, nayo ina kiwango chake, na bila kuguswa ni INFO. Ujumbe unapita mlango wa kwanza na kuzuiwa wa pili. Wapo waliopoteza nusu siku hapo, simtaji mtu.

Sasa, kunyamazisha kwa mfumo mmoja ni sawa ukiwa na maktaba moja korofi. Sisi tulikuwa na tano, kila moja na mdomo wake. Nikaamua kuzileta zote kwenye njia moja, na kwa hilo SLF4J ina madaraja. Daraja la commons-logging, `jcl-over-slf4j`, ni ujanja mtupu: ni faili la jar (kifurushi cha msimbo wa Java) lenye klasi zenye majina yaleyale ya commons-logging, ila ndani yake zinapeleka kila kitu SLF4J. Maktaba inadhani inazungumza na rafiki yake wa zamani, kumbe ni mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Sharti lake ni kumtoa yule halisi. Wakiwepo wote wawili, atakayetangulia kwenye njia ya klasi (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi) ndiye atakayesikilizwa, na huyo anaweza kubadilika kati ya kompyuta yako na seva. Tuliandika `exclusion` kwenye Maven, chombo kinachokusanya maktaba za mradi, kisha `mvn dependency:tree` tukaisoma mstari kwa mstari kuhakikisha hakuna tegemezi lingine linalomrudisha kwa mlango wa nyuma. Alirudi mara mbili.

Kwa java.util.logging ujanja wa nguo haufai, kwa sababu klasi zake ni za Java yenyewe na huwezi kuziweka nyingine mahali pake. Daraja lake, `jul-to-slf4j`, ni handla inayowekwa kwenye loga ya mzizi:

```
SLF4JBridgeHandler.removeHandlersForRootLogger();
SLF4JBridgeHandler.install();
```

Mstari wa kwanza usiusahau; ukiuacha, kila ujumbe utatoka mara mbili, kwa handla ya zamani na kwa Logback. Na daraja hili lina ushuru wake. Uamuzi wa Logback kwamba ujumbe hautakiwi unakuja baada ya ujumbe kuundwa na kuvushwa. Maelezo ya SLF4J yenyewe yanasema gharama ya ujumbe uliozimwa inaweza kupanda mara 60. Logback ina kisikilizaji kinachoitwa LevelChangePropagator, kazi yake ni kurudisha viwango upande wa java.util.logging ili ujumbe ufe kabla ya kuvuka. Kiwekeni.

Halafu yapo madaraja yasiyopaswa kukutana. Ukiweka `jul-to-slf4j` pamoja na `slf4j-jdk14`, ya kwanza inapeleka ujumbe SLF4J na ya pili inaurudisha java.util.logging, inayoupeleka tena SLF4J, mpaka rafu ya wito (stack) ijae na programu ife. Nimeshawahi kuiona kwenye mradi wa watu wengine, na nakiri nilifurahi kidogo kwamba safari ile si mimi.

Baada ya madaraja, ule mstari wangu wa kwanza ndani ya logback.xml, ambao sikuwahi kuufuta, ukaanza kufanya kazi. Kimya kikatanda. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kukasirika, nikauacha ulivyokuwa: OFF.

Wahenga wana msemo, kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli, mradi mwenye nyumba anaweza kutofautisha mlango unaolia kwa upepo na mlango unaofunguliwa na mtu. Mimi nilijaza pamba masikioni.

Wiki tatu zilipita. Kisha mteja akatuma picha ya hati iliyotoka kwetu: ukurasa mzima wa visanduku vyeupe, jina lake mwenyewe likiwa kisanduku, kisanduku, kisanduku. Tukazichunguza hati za nyuma. Zilikuwa 212 zenye hali hiyo. Nikaenda kwenye logi, hakuna kitu. Nikarudisha kiwango kuwa ERROR, nikaipitisha tena hati moja, na maktaba ikasema bila kusita, kwa kiwango cha ERROR, kwamba fonti iliyomo ndani ya hati imeharibika na imeshindwa kuisoma. Ilikuwa ikisema hivyo kila usiku kwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo, na kwa sababu OFF haibagui, niliuzuia ujumbe mmoja wa maana pamoja na milioni 36 zisizo na maana.

Tena nikisema "zisizo na maana" najisifu bure, kwa kuwa mpaka siku ile sikuwa nimeuelewa ule ujumbe wa kwanza. Fonti haipo, natumia mbadala. Haipo wapi? Nikauliza swali hilo wiki nne baada ya kuusoma mara ya kwanza. Haipo kwenye seva. Taswira ya mfumo (image) tuliyoijengea programu ilikuwa imepunguzwa mno ili iwe nyepesi, na kati ya vilivyoondolewa zilikuwemo fonti zote. Kwenye kompyuta yangu fonti zipo tele, ndiyo maana nilipojaribu kwa hati zangu malalamiko yalikuwa machache. Tulisakinisha pakiti moja ya fonti, na kati ya kila malalamiko kumi yakabaki chini ya moja. Maktaba haikuwa na gubu. Ilikuwa inaomba kitu, na nilitumia wiki nzima ya ufundi kuhakikisha siisikii.

Kilichobaki nilikishughulikia kwa kisu chembamba zaidi. Badala ya ukoo mzima, nilitaja loga moja tu, ile ya `fonti.Tafuta`, nikaipa ERROR. Wengine nikawaachia WARN. Palikuwa na ujumbe mwingine wa WARN niliotaka kuuona mara chache bila kuzama ndani yake, na kwa huo Logback ina kichujio kinachoitwa DuplicateMessageFilter: huruhusu ujumbe uleule urudiwe mara 5 kisha huukata, namba hiyo unaweza kuibadilisha. Kinaangalia ujumbe mbichi, kabla ya kujazwa vigezo, kwa hiyo maktaba inayounganisha maneno kwa alama ya kujumlisha badala ya kutumia `{}` itakipita bila shida. Log4j 2 nayo ina BurstFilter ya kupunguza kasi, na RegexFilter kwa wanaopenda kuchuja kwa ruwaza. Mimi ruwaza naziogopa. Siku mwandishi wa maktaba akibadilisha neno moja kwenye ujumbe wake, kichujio kinabaki kinachuja hewa.

Zipo pia maktaba ambazo hazina loga kabisa, zinaandika `System.out.println` au `e.printStackTrace()` na kujiondokea. Hapo usanidi wowote haufui dafu. Utaambiwa uielekeze System.err shimoni:

```
System.setErr(new PrintStream(OutputStream.nullOutputStream()));
```

Inafanya kazi, tangu Java 11, na niliwahi kuitumia kwa muda mfupi nikizungushia wito mmoja wa maktaba ya namna hiyo. Nilichosahau ni kwamba System.err ni ya mchakato mzima, si ya uzi wangu. Uzi mwingine ulikufa katikati ya sekunde zile, na kwa kawaida Java humwandikia maiti huyo wasifu wake kwenye System.err. Ukaenda shimoni naye. Siku mbili nilitafuta kwa nini foleni yetu haina mfanyakazi. Na kama maktaba ina msimbo wa C ndani yake unaoandika moja kwa moja kwenye mfumo, hata setErr haiufikii.

Kuhusu maonyo ya JVM yenyewe, yale ya `WARNING:` bila tarehe, msiyatafutie loga, hayana. Hayo huondoka kwa kubadilisha msimbo au kwa bendera ya kuwashia, kama `--enable-native-access` ambayo wengi wameijua walipohamia Java 24.

Nina neno pia kwa wanaoandika maktaba, kwa kuwa tumeteseka vya kutosha. Tegemeeni `slf4j-api` pekee na mtuachie sisi kuchagua kilicho nyuma yake. Msiweke logback.xml ndani ya jar yenu. Nimepokea jar ya aina hiyo, yenye mzizi wa DEBUG, na Logback ikanung'unika kwamba imeona faili hilo zaidi ya mara moja kwenye njia ya klasi, kisha ikachagua lisilo langu. Msiandike kosa kwenye logi kisha mkalirusha hilohilo. Nitaliona mara mbili na nitadhani ni mawili. Na jambo linalotokea kwa kila herufi lisiwe WARN. Semeni mara moja kwa kila fonti, tutawasikia.

Na mtu asidhani logi ni mambo madogo. Desemba 2021, udhaifu wa kiusalama wa Log4Shell ulipotangazwa ndani ya log4j-core, injini ya Log4j 2, wengi waligundua usiku mmoja kwamba hawajui ni mfumo upi wa logi unaoandika kwenye programu zao. Tuliokuwa na kile kipande cha API tu cha Log4j 2, yaani mlango ambao msimbo huzungumza nao, kikivushwa kwenda Logback bila log4j-core, tulipona kwa tundu hilo la sindano. Lakini kujua kwamba umepona nako kulidai usome ule mti wa tegemezi mpaka matawi ya mwisho.

Siku ya kwanza baada ya kusakinisha fonti na kuweka kisu changu chembamba, nililala usingizi mzito. Simu ikalia saa nane na nusu usiku. Ni yuleyule dada wa zamu.

"Kaka, samahani. Programu yako imekufa?"

"Haijafa. Kwa nini?"

"Logi yako haijaandika kitu tangu saa sita. Nimezoea inapiga kelele, sasa sijui kama inafanya kazi au vipi."

Nikafungua. Hati 2,870 zilikuwa zimeshapita bila kosa hata moja, na hakuna mstari hata mmoja uliosema hivyo, kwa kuwa msimbo wetu wenyewe haukuwahi kuwa na la kusema. Ulikuwa umejificha nyuma ya kelele za wengine. Palepale nikaongeza ujumbe mmoja wa INFO, kila baada ya dakika 15: hati zilizopita, zilizoshindwa, zilizobaki. Nikapeleka, tukasubiri wote wawili kwenye simu mpaka mstari wa kwanza ukatokea.

"Haya, nimeuona," akasema. "Lala."